Raia wa Tajnisi na Pasipoti Yake ya Kwanza

Katika lugha ya sheria za Tanzania, mtu aliyezaliwa akiwa wa dola nyingine, kisha akaomba na kukubaliwa kuwa Mtanzania, huitwa raia wa tajnisi. Maneno hayo mawili yote yametoka katika Kiarabu, na kila moja limekuja na historia yake. Raia asili yake ni wingi wa neno lenye maana ya kundi la wanyama lililo chini ya mchungaji. Kutoka hapo likawa jina la watu walio chini ya mtawala, wale wanaochungwa na kuongozwa. Tajnisi nalo limetokana na jinsi, yaani namna au aina, neno ambalo wataalamu hulirudisha nyuma zaidi hata kwenye genos ya Kiyunani. Kumfanyia mtu tajnisi, basi, ni kumtia katika jinsi asiyokuwa nayo. Waingereza hulitaja tendo hilo hilo kwa neno litokalo kwenye maana ya maumbile, kana kwamba sheria ingeweza kumzaa mtu mara ya pili. Kiswahili hakikudai makubwa hivyo.

Inafaa kukumbuka, ijapokuwa ni jambo la pembeni, kwamba tajnisi kwa wanazuoni wa balagha ya Kiarabu lina maana nyingine kabisa: ni ile sanaa ya kuweka karibu maneno mawili yanayofanana kwa sauti na kutofautiana kwa maana. Aliyeliingiza neno katika lugha ya uraia yamkini hakuwa na habari ya washairi. Lakini mtu akitazama jinsi raia wa kuzaliwa na raia wa tajnisi wanavyotajwa kwa neno moja, na jinsi sheria inavyowatendea, ataona kwamba maana ile ya wanabalagha haiko mbali sana.

Cheti cha tajnisi huandikwa ndani ya nchi, na huzungumza na walio ndani ya nchi. Pasipoti huzungumza na wageni. Ndiyo maana ombi la pasipoti ya kwanza ni kipimo kikubwa kwa raia mpya kuliko hata kiapo alichokula: siku hiyo serikali iliyokwisha kumwambia yeye kuwa ni wake hutakiwa kuyasema maneno hayo hayo mbele ya dola nyingine zote. Historia ya Afrika ya Mashariki ina mifano mingi ya watu waliopewa neno la kwanza wakanyimwa la pili, na ya wengine waliopewa hati ya safari bila kuwa raia wa yeyote aliyeitoa.

Mfano wa zamani ulio wazi unatoka baharini. Katika karne ya kumi na tisa manahodha wengi wa Sur, katika nchi ya Oman, walijipatia karatasi za Kifaransa na kupandisha bendera ya Ufaransa katika majahazi yao. Faida yake ilijulikana na kila baharia wa pwani: manowari za Kiingereza zilizokuwa zikipekua vyombo kutafuta watumwa hazikuwa na ruhusa ya kupekua chombo chenye bendera hiyo. Mwenye jahazi alikuwa raia wa Sultani wa Maskati alipokuwa nyumbani kwake, na alikuwa mtu wa Ufaransa alipokuwa kati ya Ghuba na Unguja. Sultani alilalamika kwamba raia zake wanatolewa mikononi mwake kwa karatasi, na Waingereza wakayaunga mkono malalamiko hayo kwa sababu zao wenyewe. Shauri lilifikishwa mbele ya Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi mjini The Hague, na hukumu ikatolewa tarehe 8 Agosti 1905.

Hukumu hiyo yastahili kusomwa na kila mtu anayetaka kujua tofauti ya hati na uraia. Wasuluhishi walisema kwamba kabla ya tarehe 2 Januari 1892, siku Ufaransa ilipoukubali Mkataba wa Brussels juu ya biashara ya watumwa, dola hiyo ilikuwa na haki ya kuwapa raia wa Maskati bendera yake; baada ya siku hiyo, ilikuwa na haki hiyo kwa wale tu waliokwisha kuhesabiwa na kutendewa kama watu wa himaya yake kabla ya mwaka 1863. Tena wakasema kwamba haki ya bendera haihamishwi kutoka kwa mtu hata mtu, wala kutoka chombo hata chombo. Na neno zito kuliko yote: kuwa na bendera hakukumtoa mwenye jahazi, wala mabaharia wake, wala jamaa zake, katika hukumu ya Sultani. Karatasi ilimfunika mtu njiani, lakini alipotia nanga kwao alikuwa raia kama alivyokuwa jana.

Wakati huo pasipoti kama ijulikanavyo leo ilikuwa bado haijaenea. Kabla ya vita vya 1914 watu wengi walivuka mipaka ya dola bila kitabu chochote. Vita vilileta mashaka juu ya kila mgeni, na baada ya vita mashaka hayo yakafanywa desturi. Mkutano uliofanyika Paris mwezi wa Oktoba 1920, chini ya Shirikisho la Mataifa, ulipendekeza umbo moja kwa dola zote: kitabu cha kurasa 32, kiandikwe kwa lugha mbili au zaidi, na moja yao iwe Kifaransa. Waliokutana walitumaini kwamba siku moja vitabu hivyo vitaachwa kabisa.

Neno lenyewe liliingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiingereza, na limezoea kuandikwa pasipoti, ingawa paspoti nayo husikika. Irabu iliyotiwa katikati haishangazi, maana Kiswahili hupenda silabi iishie kwa irabu. La kushangaza ni kwamba hospitali, iliyokutanisha sauti zile zile mbili, haikutiwa irabu hiyo katika usanifu. Yamkini pasipoti ilisaidiwa na pasi, neno lililokuwa likitumiwa kwa kibali cha kupita. Pamoja nalo kuna hati ya kusafiria, ambalo ni fasiri nzuri na ni pana zaidi, kwa kuwa hujumlisha pia karatasi za wakimbizi na vibali vya muda. Hati ni ya Kiarabu, kutoka neno la maana ya mwandiko. Cheti ni ya Kihindi, kutoka neno la maana ya barua. Mwenye kuomba pasipoti ya kwanza huenda na cheti akitafuta hati, na maneno yote mawili, kwa asili, hayana maana zaidi ya karatasi iliyoandikwa.

Lakini Mwafrika wa kawaida katika zama za ukoloni hakuijua pasipoti, aliijua kipande. Katika Kenya sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimia umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Kiliondolewa 1947 ilipotungwa sheria ya kuandikisha watu wote bila kutazama rangi. Katika mashamba ya katani ya Tanganyika neno hilo hilo lilikuwa jina la kadi ya kazi ya siku thelathini. Kipande na pasipoti vyote ni karatasi za kumtambulisha mtu anaposafiri. Tofauti yake ni kwamba kipande kilimzuia mtu ndani ya nchi yake, nayo pasipoti humwombea njia katika nchi za watu. Si ajabu kama wazee waliozoea cha kwanza waliipokea ya pili kwa shaka.

Kwa sheria ya kimataifa, wenyeji wa Tanganyika chini ya udhamini, na wenyeji wa Unguja chini ya Sultani, walihesabiwa kuwa watu wa himaya ya Mwingereza. Hawakuwa raia wa Uingereza, wala hawakuwa wageni kabisa kwake. Unguja jambo lilikuwa na ncha mbili: mtu alikuwa raia wa Sultani nyumbani, na mtu wa himaya ya Mwingereza ng’ambo. Mwambao wa Kenya ulikuwa na ncha tatu, kwa kuwa ukanda wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani iliyotawaliwa na Mwingereza kwa mapatano ya 1895, na uliambatishwa na Kenya kwa mapatano ya Oktoba 1963, miezi miwili tu kabla ya uhuru. Mtu wa Lamu au Malindi angeweza kubadilishiwa dola bila kuondoka barazani pake.

Tanganyika ilipokaribia uhuru, swali la nani awe raia lilizusha mjadala mkali katika Bunge mwezi wa Oktoba 1961. Muswada wa serikali uliweka njia kadha. Aliyezaliwa Tanganyika, na mmoja wa wazazi wake naye akawa amezaliwa humo, alikuwa raia kwa nguvu ya sheria siku ya uhuru, tarehe 9 Desemba, ikiwa siku moja kabla alikuwa raia wa Kiingereza au mtu wa himaya yake. Aliyezaliwa humo na wazazi waliotoka ng’ambo, ambao wengi wao walikuwa Wahindi, alipewa muda wa miaka miwili kuomba kuandikishwa. Wengine iliwapasa kungoja na kupita njia ya tajnisi. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, au wasio Waafrika wacheleweshwe. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, alisimama tarehe 18 Oktoba akasema kwamba kuufunga uraia kwa rangi ya mtu ni kurudia dhambi ile ile ambayo watu wa Tanganyika walikuwa wakiipinga, na kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kuukubali msingi huo. Muswada ukapita. Miongoni mwa waliokuwamo Bungeni siku hizo walikuwapo Derek Bryceson, Mwingereza aliyezaliwa China, na Marion Chesham, mzaliwa wa Marekani, na wote wawili baadaye walichukua uraia wa Tanganyika.

Mjadala huo huelezwa mara nyingi kama ushindi wa kanuni, na ulikuwa ushindi kweli. Lakini mtaalamu wa lugha hana budi kuangalia jambo moja lililobaki nje ya muswada. Siasa ya uhuru ilikuwa na neno lake, na neno hilo halikuwa raia: lilikuwa mwananchi. Raia anaweza kuandikishwa. Mwananchi ni mwana wa nchi, na hakuna afisi inayoandikisha wana. Sheria ilifungua mlango wa neno la kwanza kwa watu wa kila rangi, na hotuba za hadhara ziliendelea kutumia la pili. Kuwaondolea raia wasio Waafrika kipingamizi katika kazi za serikali kulihitaji tamko lingine la Nyerere, mwezi wa Januari 1964.

Yaliyotokea Kenya na Uganda yanaonyesha hatari ya kukaa kati ya hati mbili. Kenya iliwapa watu wa namna hiyo miaka miwili, hadi tarehe 12 Desemba 1965, kuomba kuandikishwa. Wahindi wengi hawakuomba, au walichelewa, wakitegemea pasipoti za Kiingereza walizokuwa nazo. Hapo pana kitendawili cha kisheria. Sheria ya Uingereza ya 1962 iliyopunguza wahamiaji haikumgusa mtu ambaye pasipoti yake ilitolewa kwa mamlaka ya serikali ya Uingereza yenyewe, tofauti na ile iliyotolewa na serikali ya koloni. Kabla ya uhuru, pasipoti ya Nairobi ilitolewa na serikali ya koloni; baada ya uhuru, mtu yule yule aliipata katika afisi ya Balozi wa Uingereza. Kitabu kilifanana, jalada lilifanana, lakini nguvu yake ilikuwa imebadilika, na kilimfungulia mlango wa London. Mlango huo ulifungwa kwa sheria iliyopitishwa Bungeni London kwa haraka ya siku chache na kuthibitishwa tarehe 1 Machi 1968: tangu hapo mwenye pasipoti hiyo alitakiwa awe na mzazi au babu aliyezaliwa, au aliyepata uraia, katika Uingereza yenyewe. Watu walibaki na pasipoti halali ya nchi isiyowaruhusu kuingia.

Uganda mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku tisini waondoke, wale waliokuwa raia wa Uganda waliamriwa wapeleke hati zao zikaguliwe. Wengi walikutwa na kosa dogo la tarehe: walikuwa wameukana uraia wa Kiingereza baada ya muda uliowekwa, au hawakuwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba waliukana. Kwa kosa hilo uraia wao wa Uganda ulihesabiwa kuwa haukupata kuwapo. Walikwisha kuusalimisha uraia wa kwanza, na wa pili ukafutwa tangu mwanzo wake. Katika kumbukumbu zote za uraia Afrika ya Mashariki ni vigumu kupata mfano wa kutisha kuliko huo wa uzito wa muhuri uliochelewa.

Tanzania ilifuata mwendo mwingine. Sheria ya uraia ya 1995, iliyochukua mahali pa ile ya 1961, inamtaka mwombaji wa tajnisi awe amekaa nchini miezi kumi na miwili mfululizo kabla ya kuomba, na miaka saba kwa jumla katika miaka kumi iliyotangulia hiyo. Awe na mwenendo mwema. Na ajue vya kutosha Kiswahili au Kiingereza. Mwombaji hutangaza nia yake katika gazeti, ili mwenye pingamizi alitoe, na maombi yake hupita kwa viongozi wa mahali anapokaa kabla hayajafika kwa Waziri. Waziri akikataa hatakiwi kutoa sababu, wala uamuzi wake haupelekwi mahakamani. Akikubali, mwombaji huukana uraia wake wa zamani na kula kiapo cha utii.

Sharti la lugha lina ajabu yake. Kenya, katika katiba yake ya uhuru, ilimtaka mwombaji wa tajnisi ajue Kiswahili, wala haikutaja Kiingereza badala yake. Tanzania, nchi iliyoifanya lugha hiyo kuwa nguzo ya taifa, imetosheka na moja kati ya mbili. Mtu aweza, kwa maandishi ya sheria, kuwa Mtanzania bila kuweza kumwamkia jirani yake. Kwa vitendo mambo yako kinyume. Mtu wa mpakani akihojiwa, Kiswahili chake husikilizwa kwa makini, na lafudhi huchukuliwa kuwa ushahidi wa asili yake. Hapo lugha hufanywa kuwa cheti, na ni cheti kibaya: Mha wa Kigoma na Mrundi ng’ambo ya mpaka wana lugha zilizo karibu sana hata lafudhi zao katika Kiswahili haziwezi kutenganishwa kwa uhakika na afisa yeyote, na mwanaisimu naye angesitasita.

Akishapata cheti, raia mpya huomba pasipoti chini ya sheria ya 2002. Mzaliwa huleta cheti chake cha kuzaliwa na uthibitisho wa kuzaliwa kwa mzazi wake. Wa tajnisi huleta cheti cha tajnisi. Tofauti hiyo ni ndogo dirishani, lakini ina mkia mrefu. Uraia wa mzaliwa sheria haimwezeshi Waziri kuufuta. Wa tajnisi unaweza kufutwa, kwa mfano akionyesha kutokuwa mwaminifu kwa Jamhuri, au akifungwa jela kwa muda uliotajwa ndani ya miaka ya mwanzo ya uraia wake. Kadhalika unaweza kufutwa akikaa ng’ambo miaka mingi mfululizo bila kuonyesha nia ya kubaki raia. Sharti hilo la mwisho lilirithiwa kutoka sheria ya Uingereza ya 1948, ambayo iliweka miaka saba. Kwa hiyo raia wa tajnisi hupewa pasipoti ya kusafiria pamoja na onyo la kutokawia safarini. Pasipoti yenyewe haionyeshi jambo hilo, na tangu Januari 2018, ilipoanza kutolewa ile ya kielektroniki kwa ada ya shilingi 150,000, kitabu cha mzaliwa na cha tajnisi ni sawa kwa jalada, kwa kurasa na kwa bei.

Umbali kati ya tajnisi na hati ulionekana zaidi kwa wakimbizi. Mwaka 1980 Tanzania iliwapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000 kwa mara moja. Kisha likaja jambo la Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 na kupewa makazi Katumba na Mishamo, upande wa Mpanda, na Ulyankulu katika Tabora. Baada ya miaka thelathini na mitano ya kulima na kulipa kodi walipewa hiari ya kurudi au kuomba uraia. Wengi waliomba, na kufikia mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 162,000 yalikuwa yamekubaliwa. Lakini vyeti havikutolewa, kwa kuwa serikali ilikuwa imekusudia kwanza kuyafunga makazi na kuwatawanya raia hao katika mikoa mingine. Hapo ndipo watu walipokaa kwa miaka minne katika hali isiyokuwa na jina katika Kiswahili wala katika sheria: hawakuwa wakimbizi tena, kwa kuwa Burundi walikwisha kuikana, wala hawakuweza kujionyesha kuwa raia, kwa kuwa karatasi zilikuwa kabatini. Asiye na cheti hakuweza kuomba pasipoti, na hati ya safari ya mkimbizi haikumfaa tena. Mpango wa kuwahamisha ulipoachwa, Rais Jakaya Kikwete alianza kuwakabidhi vyeti mwezi wa Oktoba 2014.

Kenya ilikuwa na mfano wake katika Wamakonde, waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya katani na miwa ya pwani tangu siku za ukoloni. Walikaa vizazi vitatu bila kuandikwa popote. Mwezi wa Oktoba 2016 walitoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi, wakafika mbele ya Rais Uhuru Kenyatta, naye akaamuru waandikishwe. Wakahesabiwa kuwa kabila la arobaini na tatu la nchi hiyo. Serikali ilikubali kwamba ni watu wake baada ya kuwaona barabarani.

Katika ukurasa wa picha wa pasipoti mna mstari wa mahali pa kuzaliwa. Kwa raia wengi wa tajnisi mstari huo hutaja mji wa mbali, na kila afisa wa mpakani anayeufungua huinua macho na kuuliza. Kwa wana wa makazi ya wakimbizi sivyo. Walio wengi kati ya wale waliopewa vyeti mwaka 2014 walizaliwa katika ardhi ya Tanzania, wakasoma katika shule zake kwa Kiswahili, na Burundi hawakupata kuiona. Pasipoti zao, wanapozipata, husema Mtanzania, mzaliwa wa Tabora au Katavi, na afisa hana la kuuliza. Cheti kilichobaki nyumbani ndicho kinachosema kwamba walikuja.